Pistoni Fupi za Baba

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani, hata kama ni jirani tu anawasha jiko, moyo wangu huruka kwanza kabla akili haijanikumbusha kwamba mimi ni mtu mzima. Msimu ule, uani kwetu Kikuyu mjini Dodoma, harufu hiyo haikuwa ya jiko. Ilitoka kwenye karai ambalo baba alikuwa amelowekea pistoni, nayo ilishika nguo, ikashika mito, hata ugali wa uwele tuliuona una ladha yake. Mama alinung'unika, baba akasema tuvumilie kidogo. Kilichokuja kulipata karai lile nimekisimulia mara nyingi, na kila nikifika pale nashika kichwa kama siku yenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na wakati huohuo mashirika ya umma yakifungwa moja baada ya jingine. La baba nalo lilifungwa, magari yake yakapigwa mnada. Baba alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua landrova kuukuu aliyokuwa akiiendesha mwenyewe kazini, kana kwamba anamkomboa ndugu. Nia yake ilikuwa kupakia abiria na mizigo kwenda Kondoa. Lakini barabara ilikwishaingiliwa na magari mapya ya Kijapani, yanapanda vilima bila kukohoa, na landrova yetu ikifika mlimani abiria walishuka wakasukuma. Haikupita muda watu wakawa wakiiona wanageukia kwingine. Mama alituambia waziwazi tukiwa tunakula: gari hili lisipopata nguvu kabla ya mavuno, mjue hatuna kitu kingine.

Dawa aliileta fundi Shabani, rafiki wa baba, mzaliwa wa mjini, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi. Alipendekeza waifungie injini yetu kranki ya injini kubwa zaidi ya ukoo huohuo. Kranki ni lile pande la chuma lenye mikunjo linalozisukuma pistoni juu na kuzivuta chini. Mikunjo ikiwa mirefu, pistoni husafiri mbali zaidi, injini inameza petroli na hewa zaidi, na gari linapata nguvu. Taabu ni kwamba pistoni zetu za zamani zilikuwa ndefu. Zingesukumwa juu kupita mahali pake zikagonge kifuniko cha injini. Zilitakiwa pistoni fupi, tundu la pini likiwa karibu na kichwa, na unene wake uwe ule ule wa silinda zetu. Nilikuwa mtoto wa kike wa darasa la nne na niliyajua haya yote kama sala, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Baba alizing'arisha zile ndefu kwa majivu mpaka zikawaka, ili ziwe mfano wa kuonyesha madukani. Moja ilikaa mfukoni mwake kila aendako. Zilizobaki alizipanga juu ya kabati sebuleni, kwenye kitambaa cha kufuma cha mama, kando ya chupa ya chai. Alizunguka maduka yote ya spea mjini. Akaleta pistoni nene mno, akarudisha. Akaleta fupi sawasawa lakini pini yake haiingii, akarudisha. Mwishowe alipanda treni hadi Dar es Salaam, akapotea huko mpaka mama akaanza kuulizia kwa watu, kisha akarudi amekonda, amekumbatia gunia dogo kama mtoto mchanga. Zilikuwa zimetolewa kwenye gari lililokufa, nyeusi tii kwa masizi, fupi, zina bonde kichwani. Fundi Shabani alizipima zote, akampigia baba saluti. Zikalowekwa kwenye karai, na siku ya kuzifunga ikapangwa.

Siku mbili tatu kabla ya hapo alifika Bibi, mama yake mama, kutoka Hombolo, na mlenda mkavu kwenye kikapu. Bibi hakuwa mtu wa kukaa. Alikuta sufuria letu la ugali limetoboka, mama amelikandika unga ili lisivuje, akasikitika sana. Tena kwetu ilikuwa desturi: kitu chochote cha aluminiamu kikichakaa kinawekwa kando, kikitosha kinapelekwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko aliyekuwa akiviyeyusha na kusubu masufuria mapya. Asubuhi ya siku ya kuzifunga, baba na fundi walikuwa gereji wakisafisha injini, mama yuko sokoni, sisi shuleni. Bibi akatazama nyumba. Pistoni ndefu zinang'aa, zimewekwa kabatini kwenye kitambaa, hizo ni za maana, haziguswi. Pistoni nyeusi, nazo za aluminiamu, fupi kama zilizokatwa, zimeliwa kichwani, zimetupwa uani kwenye karai. Jamani, nani angechagua vingine?

Jioni tulikuwa wote uani. Baba na fundi ndio kwanza wamerudi kuchukua pistoni, wameinama juu ya karai lenye mafuta matupu, wananitazama mimi kana kwamba nimezila. Hapo Bibi akaingia getini, jasho linamtiririka, kichwani amebeba sufuria jipya, nene, jeupe kama maziwa.

"Mkwe wangu," alisema, "nimewaletea sufuria. Vile vyuma vibovu vya uani nimevipeleka. Nimekaa hapohapo juani mpaka likatoka, asije akanichanganyia mabati."

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Spana ilimdondoka fundi Shabani ikatua mguuni mwake, na hakulia. Mimi nilisubiri baba apige kelele ambayo ingesikika mpaka Miyuji. Nikamwona anajifuta mikono kwenye suruali, anaenda, anapiga goti mbele ya mama mkwe wake na kulipokea sufuria kwa mikono yote miwili.

"Ahsante sana, mama. Umetufikiria." Kisha, bila kugeuka: "Shabani, msalimie mama."

"Shi... shikamoo, mama," fundi akasema, machozi yanamlengalenga.

Sijawahi kuona kitu kilichonishtua kama goti lile. Pistoni nyingine hazikupatikana, wala nauli ya kwenda kuzitafuta. Injini ilifungwa kama zamani, Kondoa tukaiaga, na landrova ikaishia kubeba mchanga na matofali kwenye tambarare za Miyuji mpaka ikachoka. Tulisoma kwa shida. Bibi alikuja kila mwaka, akalisifia sufuria lake, akafa bila kujua.

Leo sufuria liko jikoni kwangu. Barabara ya kwenda Mtumba imejaa magari ya kila namna, na vijana wa gereji wananiambia pistoni kama zile unaziagiza kwa simu ukiwa umelala. Mwaka jana nilipakua ugali kutoka humo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza baba, sasa mzee, kwa nini hakumwambia Bibi hata neno moja. Nilitegemea aniambie habari za heshima na ukwe. Baba alilelewa kwa watu, hakuwahi kumjua mama yake mzazi. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Aliligonga sufuria taratibu kwa kidole. "Alinikalia juani kutwa nzima," alisema. "Hakuna mama aliyewahi kunifanyia hivyo."

Akanawa mikono, akavuta sahani yake karibu, akala.