Nilitoroka Hospitali na Gauni ya Wagonjwa, Bibi Yangu Hajui Naogopa Nini

Admin, ficha jina yangu na ya kijiji. Hii sauti nimekutumia iandike vile nasema, usinirembe.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, upande wa Nuu. Shule niliiona kwa dirisha nikipita na mbuzi. Lakini kwa mdomo hakuna mtu ananiweza. Nikianza kuongea sokoni, hata mwenye alikuja kuuza kuku anasahau kuku. Niko na bibi mmoja, watoto wanne, na mguu mbaya wa kushoto.

Maisha yangu yote najisifu sijawahi kudungwa sindano. Nyoka ilinigonga nikiwa kijana, nikapaka dawa ya miti. Mimi nikapona, nyoka nasikia ndiyo ilikufa. Jino niling'oa mwenyewe na koleo ya fundi. Kidonda nikipata, ni mafuta ya taa. Watu wananiita daktari, wanacheka, na hiyo kucheka ndiyo nilikuwa nataka, kwa sababu hawaniulizi swali.

Ukweli sijawahi kuambia mtu. Nikiwa na miaka saba, baba yangu alishikwa na mbuzi za watu, kumi na moja, akafungwa miaka sita. Hakusingiziwa. Aliiba. Mwaitu, mama yangu, alituita sisi watoto nyuma ya jikoni akatuambia, "Baba yenu amelazwa hospitali. Mtu akiwauliza, semeni hivyo."

Tukasema hivyo. Watoto wenzangu walikuwa wanajua. Tukienda kuteka maji wananiuliza, "Na baba yako ako na ugonjwa gani? Ya mbuzi?" Halafu wanalia mee, mee, mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa sielewi. Nilikuwa namuamini mwaitu.

Siku moja alinipeleka kumuona. Lango kubwa ya chuma. Mtu wa ufunguo akaandika majina yetu. Baba akaletwa, amenyolewa kichwa, amevaa kaptula nyeupe kama wale wengine wote, ako na namba, amekonda mpaka nikamuogopa. Nikasema kwa roho yangu, kumbe hii ndiyo hospitali. Alirudi nyumbani na kifua ya kukohoa, akaona mvua moja tu, tukamzika, mwaitu akatuhamisha huku mahali watu hawatujui. Nilikuja kuambiwa ukweli nikiwa kijana mkubwa. Nikaelewa na kichwa. Matumbo hayakuelewa mpaka wa leo.

Nikienda kuoa, baba ya bibi yangu, mtu wa kanisa, mkali, akaniuliza baba yangu alikufa na nini. Nikamwambia alilazwa hospitali miaka sita. Mzee alilia! Akanipunguzia ng'ombe moja.

Sasa mguu. Ni sukari, lakini mimi nilikuwa nasema ni mwiba. Mwezi uliopita binti yangu, tumuite Mwende, alinidanganya tunaenda Kitui kuangalia ng'ombe. Kumbe ng'ombe ni mimi. Daktari alikuwa kijana wa heshima. "Mzee, hivi vidole viwili vimekufa. Tukitoa sasa, mguu unabaki. Ukingoja, tutakata hapa." Akaonyesha chini ya goti. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali!

Halafu sista akaleta gauni. "Mzee wangu, vua zote uvae hii. Mshipi na simu nipatie nikuwekee." Akanifunga kitu cha namba kwa mkono. Nikamuuliza, "Na nitatoka lini?"

"Hiyo ni daktari ataamua."

Vile nilitoka huko sikumbuki. Nilijikuta juu ya boda naenda stendi, gauni imefunguka nyuma, matako yangu yanasalimia Kitui mzima. Mwenye boda akaniuliza, "Mzee, wewe umepona ama umetoroka?" Nikamwambia nimefufuka. Mwende alinipata stendi, suruali yangu kwa mkono, analia. Hiyo hadithi nimeipiga sokoni wiki tatu, watu wanashika mbavu. Vile nilikuwa natetemeka sijaweka ndani.

Bibi yangu hacheki. Ni yeye anaosha hiyo kidonda kila asubuhi, leso kwa pua. Juzi aliweka beseni chini. "Baba Mwende, nimekaa na wewe miaka arobaini. Kama ni sababu baba yako aliugulia hospitali, sema, tuombe pamoja."

Nikamwambia naogopa masista watanipenda wakatae kunirudisha.

Akainua beseni yake. "Kidole cha tatu kimegeuka rangi. Jumatatu tunaenda. Ukitoroka tena, huo mguu utaosha mwenyewe, mimi naenda kukaa kwa Mwende."

Niko na hasira. Namkasirikia mwaitu na amelala kaburini. Angesema ni jela, ningeogopa jela kama watu wengine, hospitali ningeenda. Na baba naye, hizo mbuzi zake kumi na moja zimekula vidole vyangu viwili na bado ziko na njaa.

Najua kitu kimoja. Bibi yangu akikaa kando ya hicho kitanda akijua ile kitu naona nikivuliwa nguo, nitaweza kulala hapo. Asipojua, nitatoroka tena, hata kama ni kwa mguu moja. Lakini nikimwambia, ataniuliza, "Kwa hivyo baba yangu alilia bure?" Tena akinijua vile ananijua, atafikiri ni hadithi ingine ya sokoni, na siwezi kubali akicheka hii.

Jumatatu ni kesho kutwa. Msiniambie mambo ya kuniombea, nimeombewa mpaka pasta amechoka. Nyinyi wenye mmesoma, nishaurini. Nimekaa na yeye jikoni tangu asubuhi, mimi mwenye sijawahi kukosa la kusema, na mdomo umekataa. Nipeni neno ya kwanza tu. Hayo mengine nitamaliza mwenyewe.