Ngozi Iliyongoja

Kigari cha kwanza cha mtoto nilichokiona maishani mwangu kilishuka kwenye behewa moja na magunia ya saruji. Kilikuwa na magurudumu manne membamba, paa jeusi la kukunja, na ndani yake kigodoro kizuri kuliko kitanda nilichoolewa nacho. Kilikuwa cha mke wa Mjerumani mmoja wa reli. Sisi wanawake wa kambini tulikwenda kukitazama jinsi watu wanavyokwenda kwenye harusi ya tajiri: tumejitanda vizuri, midomo imefungwa, macho hayatulii. Tuliporudi kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na mimi nilisema kuliko wote.

Dodoma ya siku hizo ilikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi na upepo. Mimi nilitoka milima ya Kondoa, mwendo wa siku saba kwa miguu, nikimfuata mume niliyemchagua mwenyewe, mtu wa kulaza mataruma ya reli. Nilimzaa binti yangu pale pale kambini. Alipofikisha miezi miwili reli ikashika njia ya Tabora, na baba yake akaenda nayo. Aliniambia atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Nilimwamini, maana nilikuwa bado sijajua kwamba reli ikienda mbele haimrudishi mtu nyuma.

Nikabaki na kibanda, kibustani cha mlenda na mtoto. Lugha yangu hakuna aliyeijua. Wenyeji walisema Kigogo, watu wa kambi walisema kila kitu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi. Kuna siku zilipita sikutamka neno ila kwa mtoto, naye hakuwa na la kunijibu. Nilikuwa mpweke, nisitafute maneno ya kulipamba jambo hilo.

Sasa mtoto lazima abebwe. Na hapo ndipo ubishi wangu ulipoanzia.

Kwetu, kwenye ukoo wetu, mtoto wa kwanza wa mwanamke hafungwi mgongoni kwa kitu chochote mpaka ipatikane ngozi ya bibi yake mzaa mama. Habari ya uzazi ikimfikia, bibi huchinja mbuzi jike aliyewahi kuzaa, ngozi akaiwamba, akaikwangua, akaipaka mafuta ya nyonyo na kuifikicha mpaka ikalainika. Ngozi hiyo haiombwi. Kuiomba ni kumwambia mama yako kwamba amesahau kazi yake, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kabla haijapatikana, mtoto hupakatwa tu.

Nilikuwa nimempelekea mama habari kwa mchuuzi mmoja wa kwetu aliyekuwa akileta asali na tumbaku Dodoma kila baada ya miezi miwili au mitatu. Safari iliyofuata aliniletea jibu: mama amepiga vigelegele, mama amechinja mbuzi. Nililia kwa furaha mbele ya mwanamume yule mpaka akaona aibu akaenda kumfunga punda wake ambaye tayari alikuwa amefungwa. Basi, nikajua ngozi iko njiani. Kazi yangu ni kungoja.

Jaribu wewe kungoja huku umepakata mtoto. Kuni unaokota kwa mkono mmoja. Unga unasaga nusu, nusu unabembeleza. Maji tuliyachimba mchangani, kwenye mto usio na maji, na kuchota kwa kata mpaka mtungi ujae. Mtungi kichwani, mtoto mkononi, na ule mkono mwingine ufukuze mbwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani bega moja limeshuka. Jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo aliyezaa watano, alikuwa akinitazama kutoka tembe lake bila kusema neno. Mimi nami nilikuwa nikimwamkia na kupita haraka, kwa sababu nilijua angesema nini.

Mchuuzi alikuja tena. Nilimkimbilia.

"Mama hakukupa kitu?"

"Hakunipa."

"Hakusema neno?"

"Ameuliza kama mtoto anakua. Nimemwambia anakua."

Aliendelea kushusha asali yake. Mambo ya ngozi za watoto yalikuwa ya wanawake, na yeye alikuwa mtu wa adabu, hakuuliza. Laiti angekuwa mmbea kidogo.

Nikaanza kuwaza kwamba mama ananiadhibu. Niliondoka nyumbani kwa kumfuata mume ambaye yeye hakumtaka sana. Labda ngozi amempa binti mwingine. Hasira zangu ni za haraka, tangu utotoni, na zikinishika hunitia ujinga. Nilisema, vema, kama ngozi haitaki kuja, nitatafuta kingine, lakini kisiwe cha kumfunga mgongoni, nisije nikaambiwa nimevunja mwiko. Na kitu cha kumchukua mtoto bila kumfunga mgongoni, Dodoma nzima, kilikuwa kimoja tu.

Mke wa Mjerumani nilikuwa nikimtekea maji. Mtoto wake alikuwa ameshapelekwa Ulaya kwa sababu ya homa, na kile kigari kilikaa barazani kikiwekewa vitunguu. Nilimwonyesha kwa mikono: mtoto wangu, kigari, kisimani. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akavitoa vitunguu kimoja kimoja. Nilipokuwa natoka na kigari nilimwona amesimama palepale ananitazama, mkono kwenye nguzo. Wakati ule nilidhani anaogopa nitakivunja. Sasa ninajua alikuwa anatazama nini.

Kutoka kwake mpaka stesheni kigari kilikwenda kama kwenye ngano. Nilikuwa malkia. Binti yangu amekaa chini ya paa jeusi, anacheka na magurudumu. Tulipoiacha njia ya stesheni tukaingia kwenye mbigili, na kila gurudumu likavaa soli ya miiba. Kisha tukafika mchangani. Kigari kikazama mpaka kwenye vyuma. Nikasukuma, nikavuta, nikakigeuza, nikakitukana kwa lugha yangu ambayo hakuna aliyeielewa, ingawa wote walielewa. Mwishowe mtungi ukawa kichwani, mtoto mkono wa kushoto, na kigari nakiburuta kwa mkono wa kulia. Nilikwenda na mtoto mmoja wa kubeba, nikarudi na wawili. Wanawake kisimani walikaa chini kwa kucheka. Yule jirani yangu peke yake hakucheka. Alikuja akashika kigari upande wa pili, tukakibeba hadi njiani.

"Mwanangu," aliniambia njiani, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kibovu kama changu, "mtu hachagui chombo kwa sura. Anauliza njia yake."

"Nangoja ngozi ya mama," nikamjibu.

"Mama yuko wapi?"

"Kondoa."

Alitazama upande wa kaskazini kana kwamba angeweza kuiona.

Nilikirudisha kigari kesho yake, nimekichomoa miiba yote. Nilifikiria na kaniki ya dukani. Ni nyepesi, hukauka upesi. Lakini mtoto akikojoa katika kaniki asubuhi za kipupwe, upepo wa Dodoma unamgandisha mtoto na mgongo wa mama yake pamoja. Ngozi hupanguswa, basi. Ngozi haishiki mbigili, haipenywi na upepo, na mama akiinama kulima haimwachii mtoto aning'inie. Nilizijua sifa zote hizo. Zote zilikuwa sifa za kitu nisichokuwa nacho.

Kilichonivunja ni kivuli. Msimu wa kulima jirani alinigawia kipande cha shamba upande wa Mkonze, nipande uwele. Nilimlaza mtoto chini ya kichaka cha mgunga, kwenye kivuli kizuri, nikalima nikimpa mgongo ili nisimwone akinyoosha mikono. Jua likapanda, kivuli kikahama. Nilimaliza mistari mitatu, nikafurahi kwamba amelala kimya. Nilipokwenda nilimkuta juani, midomo imepasuka, macho yamefumbuka nusu, hawezi hata kulia. Nilipiga kelele. Jirani alitoka mbio shambani kwake, akamtia maji mdomoni tone kwa tone kwa ncha ya kidole, muda mrefu, mpaka mtoto akamnyonya kile kidole.

Kisha akafungua fundo lake akatoa ngozi. Alikuwa anakuja nayo shambani kila siku, kumbe, na kila siku anarudi nayo. Ilikuwa nyeusi kwa uzee, mikanda yake imeshonwa upya mara nyingi, ina alama za watoto watano.

"Desturi ni nzuri," alisema. "Lakini mtoto hanyonyi desturi. Inama."

Niliinama. Akamweka binti yangu mgongoni, akavuta mikanda juu ya bega na chini ya kwapa, akafunga. Mtoto alilala kabla fundo halijakaza. Nilisikia pumzi yake kwenye uti wa mgongo wangu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ningepaswa kushukuru, na nilishukuru, lakini moyoni nilisema: basi, sasa sina mama tena. Mgongo ulipata mtu, nikawa mpweke kuliko nilivyokuwa asubuhi.

Mchuuzi alipokuja baada ya hapo sikumwuliza kitu. Naye, kwa kuwa sikuuliza, hakusema.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Mume wangu alikuja mara moja, siku nne, akaondoka. Mtoto akatembea. Kiangazi kilipokauka sawasawa nikaamua kwenda Kondoa pamoja na watu wa yule mchuuzi. Nilijiambia nakwenda kumwonyesha mama mjukuu wake, lakini nilikuwa nakwenda kugombana. Siku saba njiani niliyapanga maneno, makali juu, makali zaidi chini.

Tulimkuta mama anapepeta mtama. Aliniona, ungo ukamdondoka, mtama ukamwagika na kuku wakaukimbilia, wala hakuwafukuza. Nilipiga magoti kumwamkia. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Mama alizunguka nyuma yangu, akaigusa ngozi.

"Hii ya nani?"

"Ya jirani yangu."

"Ni mtu mwema?"

"Mwema."

"Mshukuru," akasema.

Maneno yangu yote ya siku saba yakanitoka kwa namna nyingine. Nilisema, "Mama, kwa nini hukuniletea?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua halikuchomoza magharibi. "Nikuletee? Wewe ndiye unayekuja kufungiwa. Ngozi hutolewa nyumba gani? Nilichinja mbuzi siku ileile. Kila mtu akija kutoka Dodoma nilifagia uwanja."

Dada zangu wote waliolewa palepale milimani, umbali wa kuitana. Mama alikuwa akitoka mlangoni kwake nao wakitoka mlangoni kwao, wakikutana katikati, na hakuna aliyewahi kulazimika kujua kama ngozi hupelekwa au hufuatwa. Waliotuwekea desturi ile hawakumfikiria mtu wa kukaa siku saba mbali. Yeye aliona vibaya kuniita, isije ikawa nimemkataa; mimi niliona vibaya kuomba. Tulikuwa tumekaa kila mmoja kwake, tunanuniana kwa mapenzi.

Aliingia ndani akaitoa. Ilikuwa imetundikwa mbali na moshi. Ngozi isiyopakwa mafuta hukakamaa katika mwezi mmoja. Mtu yeyote wa kwetu anajua hilo. Hii ilikuwa laini kama sikio la mwanambuzi. Niliikunja mkononi, nikaiachia, ikakunjuka yenyewe polepole, na nikajua kila juma, tangu mwanangu azaliwe, mama yangu alikuwa ameketi mahali akiifikicha. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Inama," akasema.

Niliinama. Mtoto alikuwa ameamka, nami nilikuwa nimeifungua ngozi ya jirani na kuiweka chini. Mama alimwinua akamweka, akavuta mikanda, lakini mtoto alikuwa mkubwa, miguu imepita upindo, na mikono iliyomshika ilikuwa ngeni kwake. Alipiga yowe akijipinda, akateleza chini, akakimbilia ngozi ya jirani iliyokuwa chini, akaikumbatia. Mama alibaki ameshika mikanda miwili mitupu.

"Basi," alisema. "Ameshakua."

Tulikaa siku kumi. Mtoto alimzoea bibi yake siku ya tatu, akawa analala kwake, na mgongoni hakutaka. Asubuhi ya kuondoka nilitoka nje nikamkuta mama ameketi juani, kibuyu cha mafuta ya nyonyo pembeni, ngozi juu ya magoti. Anapaka, anafikicha, anageuza, anapaka.

"Mama," nikamwambia, "unaipaka ya nini tena?"

Aliitazama, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Mkono umezoea," akasema, akaendelea kupaka.