Filta Mbili za Bibi

Kasha la marehemu Bibi lilipofunguliwa, harufu ya kwanza ilikuwa ile tuliyoitarajia sote: udi, karafuu, na kanga zilizokaa miaka bila kuvaliwa. Ya pili haikutarajiwa na mtu. Ilikuwa mafuta ya nazi, na nyuma yake kwa mbali, kama mgeni asiyealikwa anayechungulia mlangoni, dizeli.

Kazi ya kulifungua nilipewa mimi, kwa sababu katika ukoo wetu kila kazi ya kuketi chini ndani ya nyumba huwa yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi dirishani. Dada zangu husema nikivuka daraja la Nyali lazima nisomewe dua ya msafiri. Wacha waseme. Chini kabisa ya kasha, chini ya kanga zote, nikakuta mafurushi mawili. Nikafungua la kwanza, vidole vikarowa mafuta, na papo hapo nikawa tena mtoto wa shule ya msingi, kiti cha nyuma, nimebanwa baina ya Bibi na kikapu chake, watu wazima wawili wanatukanana mbele ya boneti.

Gari ilikuwa ya Babu. Ilikuwa kuukuu hata wakati ule, ya Kijapani, ya dizeli, yenye turbo ya kuisukumia injini hewa, iliyopiga mluzi ukikanyaga mafuta. Kwa kuwa vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi kitu kinene kuliko mkokoteni, ililazwa nje, upande wa Ngome, na Babu alikuwa akiamka kwenda kuitazama kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Alipofariki ikabaki kwa Bibi, wanawe waitumie kwa zamu: Baba wiki hii, mdogo wake Ami Twaha wiki ijayo. Bibi aliweka sharti moja tu. Kila Alhamisi alasiri, zamu iwe ya nani, apelekwe Tudor kwa dada yake Bi Rukia, ambaye alikuwa hatoki kitandani. Tuk-tuk hakuzipanda. Magoti yake yalikataa, na heshima yake ilikataa zaidi.

Basi Ami Twaha akasafiri Dubai, akarudi. Wengine hurudi na marashi, na vitenge, na simu. Yeye, katikati ya kanzu zake, alikuwa amekunja filta ya hewa.

Kwa mtu kama mimi ambaye hajawahi kuinua boneti, nieleze. Pembeni mwa injini kuna boksi jeusi la plastiki lenye vibanio, unalifungua kwa mkono kama bati la biskuti. Ndani hukaa filta. Hewa yote ya injini hupita hapo ikaacha vumbi lake. Baba alitumia ile ya asili, ya karatasi iliyokunjwakunjwa, kama ile ambayo gari ilitoka nayo kiwandani. Ikichafuka aliigongagonga kwenye gurudumu, na ikizidi kuchafuka alinunua nyingine ya namna ile ile, wala hakutaka kusikia jina jengine. Ya Ami ilikuwa ya pamba nyekundu ndani ya wavu. Hiyo huoshwa, ikaanikwa, ikapakwa mafuta yake maalumu, ikarudi kazini, na Ami alisema itatuzika sote.

Ami alishikilia kwamba turbo yataka pumzi, na karatasi ile ni sawa na kumkimbiza mtu umemziba pua. Baba, karani wa ghala Shimanzi, ambako malori hutimua vumbi kutwa, alijibu kwamba filta kazi yake ni kuzuia, na kinachopitisha hewa kwa wepesi namna ile hupitisha na mchanga. Sasa nikiwafikiria, naona kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Nusu ya haki ni kitu kibaya sana kumpa mwanamume mkaidi.

Wakaanza kubadilishana. Baba akipokea gari, kabla hajaketi, huinua boneti, hutoa nyekundu, hutia karatasi. Ami akipokea, hutoa karatasi, hutia nyekundu, kisha huitupa ile ya Baba kwenye buti bila hata kuifunika. Mwanzo walifanya kwa mzaha. Halafu mzaha ukaisha na kubadilisha kukabaki. Baba akasema mbele ya watu kwamba Dubai humfunza mtu kununua tu. Ami akajibu kwamba kuna watu ambao hata pumzi yao ni ya karani, hutoka kwa kibali. Vita vikaingia jikoni. Baina ya nyumba zetu mbili sahani zilikuwa hazilali: mama akipeleka viazi vya nazi, mke wa Ami huirudisha sahani na mahamri. Ijumaa moja sahani yetu ikarudi tupu. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa, tupu. Mama aliishika kama mtu aliyepigwa kofi.

Bibi alivumilia hadi Alhamisi waliyogombana barabarani, yeye ameketi ndani, Bi Rukia anangoja Tudor. Alishusha kioo akawaambia filta ni kifumbu tu. Yeye alikuwa amekamua tui kwa kifumbu na bila kifumbu; bila kifumbu tui lina machicha kidogo, na hajasikia mtu aliyekufa kwa machicha. Wakacheka kwa pamoja, kwa dharau, na kicheko kile ndicho kitu cha mwisho walichokubaliana.

Wiki ile ile akawaita mmoja mmoja.

"Boksi lile lisifunguliwe tena," alimwambia Baba, nami nikiwa hapo nachambua mchele. "Kilichomo ndicho kilichomo. Atakayelifungua sina radhi naye."

Kwetu, mama akishataja radhi, mjadala umefungwa. Boneti ikainuliwa kwa maji na oili tu, na boksi likaepukwa kama mzinga wa nyuki.

Baba alitazama kwenye buti, hakuiona karatasi yake. Akajua: mamake ameamuru itiwe, amesimama upande wake yeye. Ami naye alijua nyekundu ndiyo iliyokuwamo siku ile, na kwa kuwa boksi halifunguliwi, basi ingalimo: mamake amesimama upande wake yeye. Gari yenyewe ikawapa ushahidi wote wawili. Ilikuwa nyepesi, turbo ikipiga mluzi mzuri zaidi. Baba alikuwa akiusikiliza akitabasamu peke yake, na Ami vivyo hivyo. Walimletea Bibi matunda. Hawakusemezana, lakini kila mmoja alikuwa na huruma kidogo kwa mwenziwe, huruma ya mshindi. Mimi nilidhani ndiyo amani.

Tulifika nusu ya safari ya Tudor, Alhamisi ya zamu ya Baba, gari ilipoanza kutoa moshi wa buluu. Mluzi ukageuka ukelele wa chuma, kisha gari ikakosa nguvu kabisa. Ikavutwa hadi gereji moja, mimi na Bibi tungali ndani kwa sababu Bibi hakukubali kushuka. Ami akaja, ameitwa na watu. Fundi akasema turbo imekula mchanga, mapanga yake yamelika, na injini nayo imeingiwa na vumbi. Akauliza filta gani imo. Wakajibu kwa pamoja, kila mmoja ya kwake.

Fundi akafyatua vibanio. Ndani ya boksi mlikuwa na mchanga, na jani moja kavu la mwarobaini. Basi.

Baba alikuwa wa kwanza kunena. "Umeitoa uniulie gari."

"Mimi? Weye ndiwe huwezi kulala bila kunitolea kitu."

"Hii gari ya baba."

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

Hapo Baba akasema neno ambalo uzito wake sikuuelewa. Alilisema polepole, hata sauti hakuipandisha. "Baba alikwambia, Twaha, ondoa mkono. Alikuwa akikujua."

Ami alisimama akimtazama. Nilitaraji ngumi. Hakurusha ngumi. Akageuka akaondoka kwa miguu, na tangu siku ile, kwenye harusi na kwenye mazishi, wakiketi ukumbi mmoja walikuwa wakiwekewa watu kati. Bibi kule nyuma alikuwa ameukamata mkono wangu hata ukaniuma. Alisema tu, "Nirudisheni nyumbani."

Gari haikupona. Bibi na dadake wakabaki kwenye simu, wakipigiana kelele kwa sababu wote wawili walikuwa hawasikii vizuri. Bi Rukia alifariki hawajaonana tena. Watu wakamlaumu Bibi kwa kiburi, tuk-tuk zimejaa tele. Mimi pia nilimlaumu, kimoyomoyo.

Sasa ndiyo hayo mafurushi. La kwanza ni nyekundu, la pili ni karatasi. Aliinuaje boneti na magoti yale, sijui mpaka leo. Labda alikuwa ameketi akitazama ugomvi ule mara nyingi kiasi kwamba mikono ilijifunza yenyewe. Alitoa moja kwenye boksi, akaondoa nyingine kwenye buti, akadhani amekwisha ondoa ugomvi, na gari itakunywa machicha kidogo. Halafu siku ya gereji akajikuta ndiye aliyelifungua boksi, na ile radhi aliyowatishia wanawe imemrudia mwenyewe. Nadhani tangu hapo si magoti tena wala heshima; tuk-tuk alijinyima kwa makusudi. Ndiyo adhabu aliyojipangia, wala hakutaka msaada wa mtu.

Na lile neno la gereji nilikuja kuelezwa na mama nilipokuwa mtu mzima. Babu hakumruhusu Ami aguse gari ile. Kila alipoisogelea, tangu mdogo hadi ana ndevu: Twaha, ondoa mkono. Baba ndiye aliyekuwa akishika spana. Kwa hivyo filta ile nyekundu ilikuwa kitu cha kwanza ambacho Ami aliwahi kukitia kwenye gari ya babake kwa mkono wake, na karatasi ilikuwa kitu cha mwisho ambacho Babu alimfunza Baba. Na mimi mtoto, nimeketi nyuma nakula kashata, nikidhani wanagombania vumbi.

Siku ya kugawa vitu vya Bibi walikuja wote wawili na wake zao, wakaketi kuta mbili. Nilileta kahawa, kisha nikaleta sinia lenye zile filta, nikaliweka mkekani. Nikasema zilikuwa kashani mwa Bibi, chini ya kanga.

Ami akaichukua nyekundu akainusa. "Ameipaka mafuta ya nazi," alisema, hakumwambia mtu. "Miaka yote hii alikuwa akiipaka." Kisha akaongeza: "Mafuta ya nazi hayatiwi kwenye filta."

Karatasi ilikuwa imefungwa kanga juu ya kanga, kavu, haina hata chembe ya vumbi. Ami akanyoosha mkono kuifikia, kisha akauzuia hewani.

Baba aliutazama mkono ule.

"Ishike," akasema.

Ami akaishika, akaigeuza, akaipeleka penye mwanga wa dirisha. Akatazama kwa muda. "Hini hata mwanga haupiti," akasema. "Gari ilikuwa yapumua vipi?"

"Bora hiyo kuliko yako, ambayo hata kuku angepita."

Na hapo wakaanza upya, sauti juu, juu ya filta mbili za gari iliyokwisha kuwa chuma chakavu zamani. Mke wa Ami alinitazama, nami nikamtazama. Nikaenda jikoni kuteleka kahawa nyingine, kwa sababu niliona hawataondoka mapema.