Mapasa ya Notere

Mama yangu alizaa Yaya, dada yangu mukubwa, mu nyumba yetu ya Kapata, asubui, juu ya kitanda yenye mi nalalia mpaka leo. Ni yeye alilia, ni yeye alitoka jasho, ni yeye alimubeba wa kwanza. Lakini mu biro ya notere, mutu ya serikali ya kuhakikisha karatasi, balimuambia kama hawezi kuwa shahidi ya ile mambo. Shahidi ya kweli alikuwa muzee moja ya koti ya majivu, mutu mwenye hajui hata mulango yetu inaangalia upande gani. Nikikumbuka ile siku, meno inaanza kusagana yenyewe.

Mambo ilikuwa hivi. Yaya alimaliza masomo kwa bamasista, na sista moja, mukubwa ya shule, akamutafutia nafasi Bulaya, mu shule ya kufunda kazi ya kuuguza bagonjwa. Kule balitaka diplome yake na karatasi ya kuzaliwa, zote mbili na kashe, muhuri ya notere, juu bila kashe wazungu banafikiri tunaandika mambo yetu sisi wenyewe jikoni. Sista alikuwa anapanda ndege siku ya posho, na ni yeye angebeba bahasha mu mukono. Posho ikipita, nafasi inapewa mungine. Na sisi tulifika kwa notere siku ya ijumaa, kesho yake ndiyo posho.

Diplome ilipita bila neno. Karatasi ya kuzaliwa, notere aliinyanyua mbele ya dirisha na vidole viwili, sawa vile mutu ananyanyua samaki yenye imeoza.

“Citoyenne, hii kashe ni ya Congo.”

“Ndiyo, tata.”

“Congo haiko tena. Tuko Zaïre.”

“Lakini, tata, mutoto ni ule ule.”

“Mutoto ni ule ule, inchi haiko ile. Siwezi kutia kashe ya inchi nzima juu ya kashe ya inchi yenye imekufa.”

“Basi batupe na karatasi ya mazishi yake,” nikasema mu pua.

Mama akanifinya paja. Notere hakusikia, ama alisikia na akaniweka mu akiba. Alikuwa na abacost mupya, ile koti ya bakubwa ya serikali yenye haivaliwe na tai, imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mukate. Akaeleza kama inapashwa kuandika karatasi mupya, na shahidi moja aape kama alikuwa pale mutoto alipozaliwa.

“Mi nilikuwa pale,” Mama akasema.

“Weye uko familia, citoyenne. Shahidi haiko mutu wa familia.”

“Tata, nilikuwa pale kwanza kuliko mutoto mwenyewe!”

“Mwingine.”

Mwingine gani? Baba ni familia pia, na saa ile alikuwa chini mu shimo ya kompani, anachimba shaba. Jirani mwenye alikata kitovu ya Yaya alirudia Kasai zamani, na Kasai haiko Dilala, hapa karibu, useme unaenda na kurudi mbele ya midi, saa sita yenye biro inafunga.

Mulinzi ya mulango akatuonyesha na kidevu. Kule inje, ku baraza, kulikuwa bazee batatu juu ya banki moja ya mbao. Ile ilikuwa kazi yao. Kila asubui banavaa koti, banakaa, banangojea batu benye kukosa shahidi. Nusu ya Kolwezi ilizaliwa mbele ya macho yao, nusu ingine ilioana mbele yao, na batu ya biro yote balijua. Mama alichagua ule mwenye koti ya majivu na viatu safi. Akamupa fungu ya samaki ya kukauka, yenye alikuwa amenunua juu ya mboga yetu ya mangaribi.

“Mufundishe mambo ya kusema,” Mama akaniambia, na akarudi ndani kulinda nafasi yetu.

Nilimufundisha. Kapata, mwaka, mwezi, jina ya baba, jina ya mama. Alirudilia kila neno na macho ya kufunga, sawa mutoto ya catéchisme. Na mi hasira ilikuwa inanipanda mpaka ku masikio. Huyu anakula samaki yetu, na anakuwa mukubwa kuliko tumbo ya mama yangu? Nikaongeza chumvi yangu.

“Na usisahau, tata. Balikuwa mapasa, bawili mu tumbo moja.”

“Ah! Mapasa!” Akafurahi hata.

Ku shule mimi ni ule mwenye kuchekesha darasa. Nilifikiri na hapa itakuwa sawa: muzee atasema uwongo yake, Mama atakatala, notere ataona haya, na ataamini mwenye alizaa. Ile ndiyo ilikuwa akili yangu yote.

Muzee alinyanyua mukono, akaapa.

“Nilikuwa pale. Nilisikia kilio ya kwanza. Kisha nikasikia ya pili. Mapasa.”

Bic ya notere haikusimama.

“Tata, mutoto alikuwa mumoja!” Mama akalalamika.

“Citoyenne, shahidi ndiye anasema.”

Nikaruka. “Tata notere, ni mi nilimudanganya! Nilikuwa nacheza tu!”

“Na weye ni nani?”

“Ndugu yake.”

“Familia,” akasema, na akaendelea kuandika. Kisha akanyanyua kichwa. “Wa pili iko wapi? Karatasi yake?”

Kwetu mapasa haiko kitu ya kuchezea. Mama ya mapasa anapewa jina yake, nyimbo yake, salamu yake. Moja akikufa, kuko mambo ya kufanya, juu mwenzake abakie na amani. Mama aliniangalia. Hakunifinya. Ningependa anifinye.

Mulinzi alikuwa anafunga madirisha. Muzee akatizama viatu vyake safi. Akirudisha neno yake, anakuwa mwongo mbele ya biro yote, na kazi yake ya banki inakwisha. Akakohoa.

“Wa pili alikufa siku ile ile. Mi mwenyewe nilichimba shimo.”

“Pole, citoyenne,” notere akasema, na sauti ya kanisa, na akaandika hata ile. Akageuza karatasi upande ya Mama, akasukuma kisanduku ya wino. “Kidole hapa.”

“Kidole ya nini? Si ulisema mi haiko shahidi?”

“Haiko ya kushuhudia. Ni ya kukubali.”

Mama anajua kuandika jina yake, na muzuri kuliko mi. Hakuna mwenye alimuuliza. Alibakia na mukono juu ya karatasi, anamutafuta ule mutoto mu kichwa yake, nafikiri. Kisha akafikiri ule mwingine, ule mwenye alikuwa anangoja bahasha. Akaweka kidole. Kashe ikapigwa mara mbili, pa, pa.

Ku njia alikuwa anasugua kidole na kanga yake, anasugua, anasugua, wino inabakia. Pa kona akanipa bahasha: “Kimbia.”

Nilikimbia mpaka kwa bamasista. Yaya alikuwa pale, anamusaidia sista kukunja nguo ya safari. Sista alivaa miwani, akasoma karatasi mustari kwa mustari, akafika katikati, akasimama. Akafanya alama ya musalaba. Akaweka mukono juu ya bega yangu.

“Pole sana, mutoto yangu. Miaka yote hii, na hamukutuambia.”

Nyuma yake Yaya alifungua kinywa. Nilimuangalia mu macho na nguvu yangu yote, na akaifunga.

“Asante, ma sœur,” nikasema.

Sista akafunga bahasha na akaiingiza mu valizi.