Mstari wa Kivulini na Mstari wa Juani

Kijiji chetu kipo kati ya Kasulu na Kibondo, upande ambao mvua ikinyesha barabara inaacha kuwa barabara. Kwa miaka mingi tulikuwa kwenye umoja wa vijiji vinne. Umoja huo haukuwa na bendera wala wimbo. Ulikuwa na kamati moja ya kusuluhisha ugomvi, sungusungu wa pamoja wa kulinda usiku, na soko moja la Jumamosi lililokuwa kijiji cha jirani, ng'ambo ya kijito. Mtu wa vijiji vinne aliingia sokoni bila kulipa kama mgeni, na akishapewa mahali pa kukaa, palikuwa pake mpaka achoke mwenyewe.

Mama yangu alikuwa na mahali pake chini ya upenu wa mashine ya kusaga, juu ya jiwe bapa. Jiwe la pembeni lilikuwa la rafiki yake. Mama aliuza maharage, rafiki aliuza mawese. Huyo rafiki alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini, akaolewa kijiji chenye soko, akapata uraia, na sasa ana wajukuu wanaoidai Kigoma kuliko sisi. Walikaa pale wawili kwa miaka mingi wakisema watu. Tangu baba afariki, Jumamosi ndiyo siku pekee mama alikuwa anacheka kwa sauti. Mimi ni fundi cherehani mjini Kasulu na nyumbani naenda mwisho wa wiki, kwa hiyo nilijua tofauti ya mama wa Jumamosi na mama wa Jumapili.

Habari ya kutoka kwenye umoja ililetwa na dalali wa maharage wa kijijini kwetu. Kamati ya umoja ilikuwa imekataza lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, na dalali aliishi kwa hivyo vichwa. Lakini yeye hakuzungumzia magunia. Alizungumzia uhuru. Alisema tunatawaliwa na watu wa ng'ambo ya kijito. Ng'ambo ya kijito ni mahali ambapo ukimwita mtu anaitika bila kupaza sauti, ila kwa namna alivyokuwa anapatamka ungedhani kuna bahari katikati. Aliahidi kwamba tukitoka tutakuwa na soko letu wenyewe, hapa hapa.

Mkutano ukaitishwa Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa mpira mbele ya ofisi ya kijiji. Zamani tulikuwa tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, lakini mara ya mwisho mikono ilizidi watu. Mwenyekiti akaona safari hii watu wasimame mistari miwili. Wanaotaka kubaki wasimame upande wa ofisi, ambako ukuta unatoa kivuli. Wanaotaka kutoka wasimame upande wa goli, juani. Nilifurahi moyoni. Nilidhani hata kama mtu hana msimamo, kivuli kitampa.

Kina mama wauza soko walifika mapema, maana soko ndiyo maisha yao. Mama akawa wa kwanza kabisa kwenye mstari wa kubaki, na wenzake wa umri wake wakajipanga nyuma yake. Nami nikasimama nao. Kisha wanaume wakaanza kuja. Mume wa dada yangu mkubwa, ambaye ni bodaboda na kwa wiki nzima alikuwa amepiga domo kila kijiwe kwamba kutoka ni ujinga, alitembea moja kwa moja kuelekea kwetu, akatazama mstari, akageuka, akaenda juani. Mume wa dada wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu hakufika hata katikati ya uwanja. Wanaume wengine walipoona wenzao wamejaa upande wa goli, wakadhani kuna jambo wao hawajaambiwa, wakaenda huko pia.

Tukatoka kwenye umoja siku hiyo. Dalali alibebwa juu juu.

Soko letu lilifunguliwa wiki iliyofuata, likiwa na uzio mpya wa miti. Wauzaji wote walileta maharage, kwa sababu kijiji chetu kinalima maharage. Wakakaa wakitazamana. Jioni baadhi yao walibadilishana maharage ya njano na ya soya ili wasirudi nyumbani na kitu kile kile. Baada ya wiki chache ndani ya uzio walibaki mbuzi wa mwenyekiti, na hao ndio pekee walioonekana kuridhika na uhuru.

Mama alirudi soko la zamani, ila sasa kama mgeni. Wageni wanakaa nje ya mtaro, kando ya barabara, wanapokea vumbi la malori ya Kibondo na wanalipa kwa kulipokea. Kutoka pale mtaroni alikuwa anaiona mashine ya kusaga na anamwona rafiki yake. Rafiki alikuwa ameweka ndoo yake ya mawese juu ya jiwe la mama, ili asikae mtu. Kamati ilimvumilia kwanza, halafu ikamwambia kwamba maharage ya masika yakiingia, jiwe litapewa mtu wa vijiji vitatu vilivyobaki. Hakubishana nao, ila ndoo hakuiondoa.

Mama akaanza kurudi nyumbani mapema. Jumamosi zikawa kama Jumapili. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hasira, kwa sababu mama yangu analalamika hata chai ikiwa tamu sawasawa. Nilimchukia dalali, nikamchukia mwenyekiti, na zaidi ya wote nilimchukia shemeji yangu wa bodaboda. Siku moja akanichukua stendi kunipeleka nyumbani, na njia nzima nikawa namsema mgongoni. Nilimwambia ana mdomo wa kubaki na miguu ya kutoka. Tulipofika mlima wa mwisho akasimamisha pikipiki.

"Shemeji, mama alikuwa kwenye ule mstari," akasema. "Ulitaka nikasimame mgongoni kwake?"

Nilishuka, nikavua kofia ngumu. Kwetu mkwe akikutana na mama mkwe njiani anaingia porini ampishe. Hampi mkono, halitaji jina lake, hali chakula mbele yake, na kumsogelea mgongoni hadharani ni tusi ambalo halifutiki bila pombe na wazee. Tena mama mkwe si yule aliyemzaa mkeo tu. Mama zake wadogo na wakubwa nao ni wakwe zako, na kijijini kwetu, ambako watu wanaoana kutoka nyumba hadi nyumba, kila mwanamke mzima ana wanaume kadhaa wanaomkimbia. Mila hiyo tuliijua wote tangu utotoni. Hakuna aliyefikiria kwamba ingekuja mkutanoni. Na kwa kuwa si jambo la kusemwa, kila mkwe aliyegeuka siku ile alidhani ni yeye peke yake, na kwamba mtu mmoja hataharibu kitu.

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa kinabishana kama inafaa kupiga kura tena. Mabishano yalianza kwenye kundi la WhatsApp, yakahamia kilabuni, yakaishia kwenye mkutano wa kujadili kama kuwe na mkutano. Mwenyekiti alisema wananchi wameshasema. Mwalimu mstaafu akauliza, tukirudia na matokeo yakabadilika, si itabidi kurudia mara ya tatu ili kupata mshindi? Mzee wa kanisa akajibu kwamba hata sala inarudiwa kila siku na Mungu hajawahi kusema wananchi wameshasema. Mtu mmoja alitaka kujua kama marehemu aliyesimama upande wa kutoka kabla hajafa ataendelea kuhesabiwa. Swali lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Dalali alisema kurudia kura ni kuwatukana waliosimama juani.

Nilinyoosha mkono nikapendekeza kura ya siri, kwa karatasi na sanduku. Mwenyekiti alinijibu kwa upole kwamba siri ni ya watu wenye la kuficha, na isitoshe, sanduku la kura la kijiji liko uani na kuku wake amelalia mayai humo. Mwishowe wakakubali kura irudiwe Jumapili ijayo, kwa mistari ile ile, kivuli kile kile.

Jioni hiyo nilimweleza mama alichoniambia shemeji. Alikuwa anapembua maharage kwenye ungo. Aliendelea kupembua bila kuinua uso. Kisha akaniuliza kama shemeji yangu alilitaja jina lake. Nikamwambia hapana, alisema mama tu. Akasema huyo kijana ana adabu, akarudia maharage yake. Kesho yake alikwenda zamu ya kufagia kanisa, ambako wenye zamu wote ni wanawake wenye wajukuu, na zamu hiyo ilichukua muda mrefu kupita kawaida.

Jumapili ya kura nilifika uwanjani nikamkuta mama tayari amesimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu, na alikuwa wa kwanza kabisa kwenye mstari wa kutoka. Nyuma yake walikuwa wenzake wote, wamejipanga juani, jasho linawatoka. Nilimkimbilia nikamwambia huo siyo mstari wake.

"Najua ninaposimama," akasema. "Wewe huna mume wala mkwe, nenda kivulini."

Ndipo nilipoelewa. Nilikwenda kivulini nikasimama peke yangu mbele ya ukuta, nikitazama njia ya kuja uwanjani. Kama wakwe wasingefika, mama angekuwa ameliuza jiwe lake kwa mguu wake mwenyewe. Bibi mmoja mnene alianza kuhama kuja kwangu kwa sababu ya joto. Mama akamvuta kitenge bila kugeuka.

Dalali alipowaona kina mama machozi yalimlengalenga. Alisimama mbele ya umati akawashukuru kwa kufunguka macho, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Mama akainamisha kichwa kwa heshima. Hakupepesa macho.

Kisha wanaume wakaja. Shemeji yangu wa bodaboda alitazama juani, akatazama kivulini, akaja kusimama nyuma yangu. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Wakaja waume wa binti za mama wadogo, na waume wa binti za jirani wanaohesabiwa kuwa wetu, wote wakija upesi kivulini kama watu waliofunguliwa kamba. Wengine walipoona wanaume wamejaa upande wa ofisi, wakafuata. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mstari ulizunguka ukuta ukaingia uani, na mwenyekiti alilazimika kumfukuza kuku ili amalize kuhesabu.

Tukarudi kwenye umoja. Dalali aliwanunulia kina mama soda kuwapoza, akawaambia wamepigana vizuri. Mama akanywa yake yote.

Nilidhani angefurahi, lakini wiki nzima alikuwa na unyonge. Habari zilishavuka kijito siku ile ile, na zilivuka jinsi zilivyoonekana: kwamba yeye ndiye aliyesimama wa kwanza kwenye mstari wa kutoka. Alikuwa amewaza wakwe, kura na dalali, na hakukumbuka kuwaza rafiki yake angesikia nini. Jumamosi nilifunga cherehani nikamsindikiza. Njia nzima aliandaa maneno ya kueleza, akayaacha, akaandaa mengine. Jambo la wakwe halielezwi sokoni, na yeye hakuwa na jambo lingine la kueleza.

Tulipofika kwenye mtaro alisimama upande wa nje, ingawa mlinzi wa soko alishampisha. Rafiki yake alikuwa kwenye jiwe lake chini ya upenu. Ndoo ilikuwa bado juu ya jiwe la mama.

"Mwakeye," mama akamsalimu kwa Kiha kutoka kule kule, kwa sauti ndogo.

Rafiki aliinuka, akaondoa ndoo, akalifuta jiwe kwa ncha ya kitenge chake, pole pole, mpaka pembeni.

"Nilisikia ulisimama juani wa kwanza," akasema. "Nikawaambia wa hapa, basi wamerudi kwenye umoja. Hata mimi nina wakwe."

Mama akavuka mtaro, akakaa, akacheka mpaka watu wa mashine wakatoka nje kutazama.