Ushuhuda wa Mama Pacha

Nyumbani kwao walimwita Marufuku, na jina likamganda, kwa sababu hakuna kitu cha tiba kilichowahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile asikipige marufuku. Dawa ya kikohozi ya shangazi: marufuku, haijasajiliwa. Mafuta ya mgongo aliyoletewa mjomba na rafiki yake: marufuku, yamechanganywa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye chupa. Alikuwa mkaguzi wa mamlaka ya dawa, kitengo cha biashara za mitandaoni, na aliamini kwa moyo wote kwamba mtu akishaambiwa kitu kina madhara atakiacha. Kwa imani hiyo alikuwa ameishi miaka mingi bila kumpata mfuasi hata mmoja.

Mkaidi mkuu alikuwa mama yake. Mama alikuwa na presha, na dawa yake ilikuwa vidonge vya asubuhi na jioni, maisha yake yote. Baba naye alikuwa na presha. Siku moja baba aliamka anajisikia vizuri, akatangaza kwamba amepona, akaviacha vidonge, na kabla msimu haujabadilika walikuwa wamemzika. Tangu hapo Marufuku hakuwa na hofu kubwa kuliko hiyo, kwamba iko siku mama naye ataamka na kutangaza amepona. Kwa hiyo kila alipokwenda kumsalimia, kabla hata ya kukaa, alifungua chupa ya vidonge kuona vimepungua kiasi gani.

"Shikamoo, mama. Umekunywa dawa?"

"Marahaba. Na mimi sijambo, asante kwa kuniuliza," mama alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Ofisini kwao, ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti iliyojifia zamani, kulikuwa na friji ya kuhifadhia sampuli za dawa, ambamo Mkuu wa Kitengo alihifadhi juisi zake. Mkuu alikuwa mtu wa semina. Aliweza kuzungumzia mapambano dhidi ya dawa bandia kutwa nzima bila kunywa maji, mradi kuwe na kipaza sauti, na akishuka jukwaani alikuwa amechoka kiasi cha kuhitaji likizo. Kazi yenyewe aliwaachia walio chini yake, hasa Marufuku.

Na kazi iliyokuwa mezani wakati huo ilikuwa ya mtu aliyejiita Daktari Usihofu. Huyu bwana alikuwa na duka mtandaoni lililoitwa Afya Bila Foleni. Aliuza vipimo vya sukari, vidonge vya nguvu, matone ya macho yasiyojulikana yametoka wapi, na juu ya yote hayo aliuza bangili. Bangili ya plastiki nyeusi, yenye kioo kidogo, iliyosemekana kupima presha na kuishusha papo hapo, bila dawa wala daktari. Picha yake mwenyewe ilimwonyesha amevaa koti jeupe na kuning'iniza mpira wa kusikilizia moyo shingoni, kinyumenyume.

Marufuku aliagiza bangili moja kwa simu ya ofisi, akitumia jina alilolibuni mwenyewe, Mama Pacha. Mzigo ukaletwa na kijana wa pikipiki ambaye hakujua lolote zaidi ya anwani. Ofisi nzima ilikusanyika kuijaribu. Mkuu alivishwa, kioo kikaonyesha mia na ishirini kwa themanini, presha safi kabisa. Akavishwa mfagizi aliyekuwa ametoka kupanda ngazi mbio: mia na ishirini kwa themanini. Wakaifunga kwenye chupa ya maji, kisha kwenye mguu wa kiti. Mguu wa kiti ulikuwa na afya njema kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Mkuu aliitazama kwa huzuni kidogo, maana alikuwa ameshaanza kufurahia majibu yake.

Kuthibitisha kwamba bangili ni ya uongo haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kulijua ghala. Daktari Usihofu hakumwambia mtu lilipo isipokuwa mawakala wake, na hakumfanya mtu kuwa wakala mpaka atoe ushuhuda wa kupona, ushuhuda wa kuliza watu. Basi mwanasheria wa ofisi akatoa baraka zake, na Marufuku akakaa mezani kumwandikia Mama Pacha ushuhuda.

Alianza mara kadhaa, ikawa inasomeka kama tangazo la serikali. Mwishowe akakumbuka kwamba uongo mzuri hujengwa kwa matofali ya kweli, na kweli aliyokuwa nayo karibu ilikuwa ya mama yake. Kalamu ikateleza:

"Jamani wenzangu, mimi ni mama mtu mzima na nimechoka. Miguu inawaka usiku kama nimekanyaga majivu ya moto. Benchi la kliniki limenijua mpaka kiuno. Unafika jua halijatoka, ukiitwa ndani, anayekuhudumia hata uso wako hautazami. Wanangu wananipenda, lakini wakija wanauliza dawa, mimi hawaniulizi. Nimevaa bangili ya Daktari Usihofu na leo nalala usingizi. Vidonge nimeviaga."

Yale ya wanangu aliyasikia kwa mama mwenyewe, siku alipomkuta akimlalamikia jirani dirishani. Alipofika hapo alisita kidogo. Si kwamba dhamiri ilimsuta, hapana, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka koma. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, na mwanasheria akasema imemgusa sana, akatia sahihi.

Daktari Usihofu naye iliguswa roho yake, au mfuko wake, kwake vilikuwa kitu kimoja. Siku hiyohiyo alimpa Mama Pacha uwakala na anwani ya ghala, na ushuhuda ule akausambaza kila kona, chini yake ameweka namba ya simu ya ofisi: kwa ushauri, muulize mwenzenu Mama Pacha. Kufumba na kufumbua simu ikajaa ujumbe wa kina mama. Marufuku alisoma wa kina mama wachache wa kwanza, akakimbilia kwa Mkuu roho juu.

"Bosi, watu wataacha dawa kwa ajili ya maneno yangu. Tutoe tangazo leo."

"Tukitangaza leo, kesho ghala tupu," Mkuu alisema. "Subiri msako."

"Basi niwajibu hawa mmojammoja."

Mwanasheria akaingilia kati. Mtumishi wa mamlaka hawezi kujibu wateja, kesho mahakamani itasemwa mamlaka yenyewe ilikuwa inafanya biashara. Asijibu kitu. Marufuku aliinua mabega, kwa maana alikuwa mtumishi mtiifu, na utiifu ni mzuri kwa kuwa humwondolea mtu mzigo wa kufikiri. Alizima mlio wa ile simu, akaiacha itetemeke peke yake kwenye mkoba.

Msako ulikuwa ufanyike mara moja. Lakini Mkuu alitaka wanahabari, na wanahabari walitaka mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa safarini. "Msako bila kamera," Mkuu alieleza, "ni kuhamisha mizigo tu." Wiki zikapita, na bangili zikauzwa.

Katika kungoja huko Marufuku alikwenda kwa mama kama kawaida, na kwa mara ya kwanza alimkuta mchangamfu. Anaimba jikoni, amevaa blauzi ya mikono mirefu ingawa joto lilikuwa la kuunguza. Chupa ya vidonge ilikuwa imepungua sawasawa.

"Umekunywa dawa?"

"Si unaona mwenyewe hapo kwenye chupa?" mama alijibu kwa upole uliopaswa kumshtua mkaguzi yeyote aliye macho.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa akivitoa vidonge kila asubuhi na jioni bila kukosa, na kuvimwaga kwenye karo la vyombo. Alimjua bintiye. Mtu aliyeweza kunusa dawa bandia kutoka upande wa pili wa nchi alipigwa chenga na bibi mmoja wa jikoni, tena akaondoka ameridhika.

Hatimaye mgeni rasmi akarudi, na siku ya msako ikafika. Ghala lilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, vyumba vyote vimejaa maboksi hadi darini, na dawa za macho zimewekwa juu ya bati la jiko. Daktari Usihofu alikutwa amevaa kandambili, akikunja maboksi. Kabla ya udaktari alikuwa akiuza makava ya simu, na kusema kweli alikuwa na sura ya mtu aliyeyakumbuka makava hayo kwa mapenzi. Mkuu alisimama mbele ya kamera na bangili mkononi, akazungumzia weledi na ushirikiano wa wadau.

Alipopitishwa na pingu mbele ya Marufuku, Daktari Usihofu, aliyekwisha kuambiwa ni nani aliyemtega, alisimama akamkodolea macho.

"Wewe ndiye Mama Pacha?"

"Ndiyo mimi."

"Dada yangu," alisema bila hasira, kama mtu anayemshukuru mfanyakazi wake, "ulale salama. Ule ushuhuda wako umeuza kuliko matangazo yangu yote kwa pamoja."

Hapohapo simu ya Marufuku mwenyewe ikalia. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, aliyekuwa akiishi na mama. Mama ameanguka jikoni, yuko hospitali, njoo haraka. Marufuku aliacha kamera, akaacha mgeni rasmi na maboksi, akakimbia.

Wodini mama alikuwa amelazwa chali, mdomo umekwenda upande kidogo, mkono wa kushoto umelala juu ya shuka kama si wake. Muuguzi alikuwa akimpima presha kwenye mkono wa kulia kwa mashine ya kweli, akaguna alipoona namba. Kwenye mkono ule wa kushoto, uliokufa ganzi, ilikaa bangili nyeusi ya plastiki. Mia na ishirini kwa themanini, ilisema.

Marufuku aliinama kuisoma tena.

"Ni kiharusi kidogo, mshukuru Mungu," muuguzi alisema. "Lakini vidonge vyake hataki. Anasema mpaka amuulize mtu kwanza."

"Mtu gani?"

Mama akamsogezea simu kwa mkono mzima. "Mwandikie Mama Pacha," alisema, maneno yakitoka polepole, yakivutana. "Yeye alikuwa na hali kama yangu, akapona. Muulize mkono ukifa ganzi anafanyaje. Namwandikia, hajibu. Ana watu wengi, maskini."

Kwenye kioo ulipangwa ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mama Pacha mwenzangu, habari za watoto, na mimi miguu inawaka. Mama Pacha, vidonge nami nimeviaga. Mama Pacha, leo kichwa kinagonga, hiyo ni kawaida? Mama Pacha, vidole vinakufa ganzi, nijibu ukipata nafasi. Wote ulikuwa umefika.

"Andika basi," mama alisema.

Hakujua la kufanya, akaandika. Akatuma, na ndani ya mkoba wake simu ya ofisi ikatetemeka.

"Pokea, labda ni kazini kwako," mama alisema.

"Mama." Aliitoa ile simu mkobani. "Mama Pacha ni mimi. Ilikuwa kazi. Ni uongo, mama, wote ni uongo, bangili haipimi kitu. Nilikuwa nawatega wauzaji."

Marufuku alingoja matusi, na kwa kweli aliyatamani.

"Benchi la kliniki?" mama aliuliza.

"Ni lako."

"Miguu?"

"Yako, mama."

"Na wanaouliza dawa?"

Marufuku alikuwa analia, bila mpangilio na bila weledi wowote.

"Kumbe unajua," mama alisema. Jicho lake moja lilikuwa limejaa machozi. "Kumbe yote hayo unayajua, tena unajua kuyasema vizuri. Mimi nikaenda kumtafuta mgeni wa kunielewa, na mgeni mwenyewe ni wewe. Mbona mimi hukuniambia hata siku moja?"

Muuguzi alimkabidhi vidonge na kikombe cha maji. Marufuku alifungua mdomo amhimize dawa kama siku zote, akaacha. Aliviweka juu ya kabati, akavuta kiti, akaushika mguu wa mama juu ya shuka.

"Inawaka?"

"Inawaka," mama alisema. "Hasa huu wa kulia. Nipe hivyo vidonge, halafu ukae nikusimulie."