Aliyeinamisha Macho

Majira yale ya kuchipua darasa letu lilinuka pumba za mbao na vumbi lililopashwa moto na balbu. Pembeni, karibu na dirisha, ilikaa mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndani yake mayai kumi na mawili, kila moja limeandikwa jina kwa penseli. Hii ilikuwa Wheaton, Marekani, mwaka wa pili tangu tutoke Tanga, nami nilikuwa na miaka kumi. Sumin alikuwa na tisa. Alikuwa amefika kutoka Korea na bibi yake wakati theluji haijayeyuka, na kwa sababu nilimzidi mwaka mmoja tu, akaniita “onni”. Alinieleza maana yake ni dada mkubwa. Jamani, kwetu mimi ni kitinda mimba, sijawahi kuwa mkubwa wa mtu! Nikavimba kichwa. Mchezo nilichagua mimi, mwalimu akituuliza jambo nilijibu mimi kwanza, yeye akifuata nyuma, na ndivyo alivyotaka mwenyewe. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kusema.

Kitu kingine kilichotuunganisha ni macho. Nikigombezwa nyumbani na kuthubutu kuinua uso, mama alifoka, “We Rehema! Unanikodolea macho mimi mama yako?” Sumin naye alisema bibi yake ni hivyo hivyo: ukikaripiwa unaangalia vidole vya miguu, mikono umeikutanisha mbele, mpaka mkubwa amalize. Tulicheka sana mezani siku hiyo, kana kwamba mama yangu na bibi yake wamelelewa ua mmoja. Lakini mwalimu wetu, mama mmoja mpole wa sauti, alikuwa na wimbo wake: niangalie machoni, mtu mkweli hafichi macho. Basi nikafanya mazoezi kwenye kioo cha bafuni, nikijikazia macho mpaka yatoe machozi. Nikaweza. Sumin hakuweza, wala sidhani alitaka.

Ijumaa moja, wenzetu walipokuwa wakipanga mstari wa kutoka, niliinua kifuniko cha mashine ili nisikilize kama yai langu linagonga. Mguu wangu ukanasa waya, plagi ikachomoka ukutani. Sumin aliona taa imezimika, akanivuta mkono wa sweta. “Onni, taa.” Kengele ikalia, nami nikaogopa kukutwa pale. Nikarudisha kifuniko, nikamburuta tukatoka. Nilijiambia mtu mwingine ataiona.

Jumatatu mayai yalikuwa baridi. Watoto walilia, na mmoja akasema alituona sisi wawili tukiwa wa mwisho kutoka. Mwalimu akatuita mbele. Nilimtazama machoni bila kupepesa, nikasema sijui chochote. Sumin aliinamisha kichwa, akakutanisha mikono. “Niangalie ninapozungumza nawe,” mwalimu akamwambia, na kadiri sauti ilivyopanda ndivyo kichwa kilivyoshuka. Alinitupia jicho mara moja tu, kisha akalirudisha sakafuni. Hakutamka neno. Mwalimu akashusha pumzi kama mtu aliyekwishapata jibu.

Bibi yake aliitwa. Alisimama mbele ya darasa zima, akainama kuomba radhi, mkono wake umemshika mjukuu kisogoni ili naye ainame. Wiki iliyofuata Sumin alihamishiwa darasa jingine, na huko jina lilimtangulia: yule aliyeua vifaranga. Siku ya wazazi mwalimu alimsifu mama kwamba binti yake ni mkweli, anaangalia watu machoni. Mama alicheka kwa furaha njia nzima kurudi nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hizi walimu wa huku wanapewa semina, wanaambiwa mtoto anayeangalia chini huenda anakuheshimu tu. Mwanangu anasoma huku huku, na mwalimu wake alinieleza hayo kwa fahari, nami nikaitikia, “Vizuri, asante.” Yule mwalimu wetu wa zamani angalau hakujua. Mimi nilijua fika kile kichwa kilichoinama kilikuwa na maana gani, maana nilikuwa nacho nyumbani kila siku.

Mwaka jana nilimkuta Sumin kituo cha treni cha Wheaton, mtu mzima, kitambulisho cha kazi kifuani. Aliniita Rehema, jina tupu. Nikamwomba radhi pale pale, maneno yakigongana mdomoni, nikasema nilidhani alinyamaza kwa sababu ya kumheshimu mwalimu.

“Mwalimu nilimwinamishia macho,” akasema. “Kunyamaza nilinyamaza kwa ajili yako. Mkubwa ulikuwa wewe, Rehema. Nilikuwa nakusubiri useme.”